Kitufe Kimoja, Ruhusa Moja

SWALI

*Mimi ni kijana wa miaka 24, nipo Ifakara. Nimeajiriwa na mzee mmoja anayeuza intaneti ya vocha kwa wenye maduka, nyumba za wageni na majumbani. Seva yetu ni moja tu, inatumia Ubuntu. Humo kuna FreeRADIUS inayokagua vocha za wateja, kuna tovuti ya kampuni iliyojengwa kwa WordPress, na kuna ukurasa wa ofisi niliouandika mwenyewe kwa PHP. Kwenye ukurasa huo dada wa mapokezi ana vitufe viwili. Kimoja ni cha kumfungia mteja ambaye hajalipa: kinaita skripti yangu funga.sh, nayo inabadilisha faili la watumiaji la FreeRADIUS. Cha pili ni cha kuwasha upya FreeRADIUS yenyewe.*

*Mwanzoni vitufe vilikataa. Nikiandika amri zile zile kwa mkono zinakubali, ukurasa ukiziita hakuna kinachotokea. Rafiki yangu akanielekeza niongeze mstari huu kwenye faili la sudoers:*

`www-data ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL`

*Siku hiyo hiyo vitufe vikafanya kazi na bosi akafurahi. Sasa kaka mmoja aliyekuja kutufungia mnara ameuona mstari huo, akaniambia nimeiacha seva uchi. Bosi anasema ukurasa una nywila, kwa hiyo tusiguse kitu kinachofanya kazi. Nimsikilize nani? Na nikiutoa mstari, vitufe vitafanyaje kazi? Halafu kuna mteja ambaye jina la duka lake lina ng', huyo kila tukimfungia kitufe kinagoma. Sijui kama mambo haya yanahusiana.*

*Fundi wa Ifakara*

JIBU

Kijana wangu, msikilize fundi wa mnara. Mstari huo uondoe leo, hata kama vitufe vitasimama kwa siku mbili tatu. Katika siku hizo dada wa mapokezi akitaka mteja afungiwe, akupigie simu uifanye kazi hiyo kwa mkono. Usumbufu huo ni mdogo mno kulinganisha na hatari uliyonayo sasa. Umefanya vyema kuuliza, na maswali yako yote matatu yana mzizi mmoja, kwa hiyo nitayajibu pamoja.

Kwa nini vitufe vilikataa

Unapoingia kwenye seva na kuandika amri, Linux inakutambua kwa jina lako la mtumiaji. Ukurasa wako wa PHP hauendeshwi kwa jina lako. Unaendeshwa na mtumiaji mwingine, www-data, ambaye Ubuntu na Debian wamemtenga kwa kazi za wavuti peke yake. Kwenye mifumo ya Red Hat huitwa apache. Andika amri hii uone mwenyewe:

`ps -eo user,pid,cmd | grep apache2`

Utaona mchakato mmoja ni wa root na mingine ni ya www-data. Ule wa root upo kwa sababu poti zilizo chini ya 1024 zimehifadhiwa kwa mwenye mamlaka, na tovuti inahitaji poti 80 na 443. Apache huanza ikiwa root, hushika poti hizo, kisha huzaa michakato isiyo na mamlaka, na hiyo ndiyo inayopokea maombi kutoka nje. Mtu asiyejulikana, popote alipo duniani, akifungua tovuti yenu anahudumiwa na www-data, hahudumiwi na root.

Mpangilio huu ni wa makusudi. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika makala kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya kompyuta, na mojawapo ya kanuni zake ni kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yale tu yanayotosha kumaliza kazi yake. Waliotengeneza Apache wameishika kanuni hiyo kiasi kwamba ukiiagiza ihudumie kurasa kwa jina la root, inagoma kuwaka. PHP-FPM nayo hugoma mpaka uilazimishe. Kwa hiyo vitufe vyako vilipokataa, seva haikuwa na ubovu. Ilikuwa inakulinda.

Mstari ule unasema nini

Tuusome neno kwa neno. www-data ndiye anayepewa ruhusa. ALL ya kwanza ni kwenye mashine yoyote. ALL iliyo kwenye mabano ni kwa jina la mtumiaji yeyote, root akiwamo. NOPASSWD ni bila kuulizwa nywila. ALL ya mwisho ni amri yoyote ile. Ulikuwa unahitaji amri mbili, ukatoa zote zilizomo kwenye seva: kufuta diski, kuongeza watumiaji, kusoma nywila zilizofichwa, kuzima ukuta wa moto. Tangu siku hiyo www-data na root wametofautiana jina tu.

Hapa ndipo hoja ya bosi wako inapokosea. Anasema ukurasa una nywila. Ni kweli, lakini nywila hiyo inakaguliwa na msimbo wako wa PHP, ndani ya ukurasa wako. Sudo haijui ukurasa. Sudo inamjua mtumiaji. Anayeomba akiwa www-data anakubaliwa, awe ametokea kwenye ukurasa wa ofisi au kwenye tovuti ya WordPress iliyo jirani, ambayo nayo inaendeshwa na www-data yule yule. Kasoro za programu-jalizi za WordPress hutangazwa mara kwa mara, na baadhi humwezesha mtu wa nje kupandisha faili la PHP na kuliendesha. Mtu wa namna hiyo hahitaji kujua kwamba mna ukurasa wa ofisi. Akishaingia ataandika `sudo -l` kuona www-data ana ruhusa gani, na jibu atakaloliona ni ule mstari wako.

Mwezi Septemba 2014 ilitangazwa kasoro ya Bash iliyopewa jina Shellshock, iliyogunduliwa na Stéphane Chazelas. Ilikuwa imejificha ndani ya Bash kwa zaidi ya miaka 20. Kurasa za wavuti zilizoita Bash ziliweza kutumiwa ombi lenye maneno maalumu na seva ikatekeleza amri za mgeni, bila nywila yoyote. Mahali ambapo mtumiaji wa wavuti alikuwa amefungwa vizuri, mgeni aliishia kuwa mtumiaji asiye na nguvu. Kwenye seva yenye mstari kama wako angekuwa mwenye mashine kwa amri moja tu zaidi. Kasoro inayofuata haitatoa taarifa kabla ya kuja. Utakachoweza kuamua wewe ni itakutana na nini ikishaingia.

Kisa cha ng'

Ndiyo, kinahusiana. Nadhani msimbo wako unafanana na huu:

`shell_exec("sudo /var/www/html/ofisi/funga.sh " . $_POST['mteja']);`

Jina lililoandikwa kwenye fomu linaunganishwa na amri, kisha mstari mzima unakabidhiwa programu inayosoma amri. Programu hiyo ikikutana na jina kama Mang'ula, ile alama ya ng' kwake ni mwanzo wa maneno yaliyofungwa kwa alama za kunukuu. Inatafuta alama ya kufungia, haiioni, inatoa kosa. Kwa sababu hiyo kitufe kinagoma kwa mteja huyo peke yake. Mteja mwenye alama ya & kwenye jina la biashara atakuletea kituko kingine: amri itakatika hapo, na neno linalofuata litachukuliwa kuwa amri mpya.

Sasa fikiria mtu mwenye nia mbaya, aliyeipata nywila ya mapokezi au aliyekuta kompyuta imeachwa wazi, akiandika hivi kwenye kisanduku cha jina la mteja:

`rehema; sudo cat /etc/shadow`

Nukta mkato inamaliza amri ya kwanza na kuanzisha ya pili. Ya pili inaomba sudo, na sudo inakubali kwa sababu umeiruhusu. Faili linalotunza nywila za seva zilizosimbwa limeshasomwa. Alama ya ng' ilikuonyesha kwamba herufi za mteja zinageuka amri ndani ya seva yako. Mteja wa Mang'ula alikupa onyo hilo bila kujua.

Dawa yake ni kutochanganya data na amri. Mahali ambapo huna budi kuita programu ya nje, tumia `proc_open` na uipe orodha, kila neno peke yake. PHP 7.4 na zilizofuata zinakubali hivyo, na kwa njia hiyo hakuna programu ya kati inayosoma alama. Ukilazimika kubaki na `shell_exec`, jina lipitishe kwenye `escapeshellarg` kwanza. Lakini kabla ya yote hayo, hakikisha jina lililoletwa limo kwenye orodha ya wateja wako. Lisipokuwamo, likatae.

Njia za mkato utakazoelekezwa

Ukiutoa mstari, marafiki watakuja na dawa nyingine. Nne kati yake zikatae mapema.

Ya kwanza ni `chmod 777`. Hii haimpi www-data mamlaka ya root. Inampa kila mtu ruhusa ya kuliandika upya faili lako, na faili hilo likiwa linaitwa na sudo, anayeweza kuliandika ameshakuwa root. Hapo nina neno na funga.sh. Ikiwa umeiweka ndani ya /var/www/html kama nilivyodhani, folda hiyo katika seva nyingi ni mali ya www-data. Hata ungeirekebisha sudoers iruhusu skripti hiyo peke yake, mgeni angebadilisha maneno yaliyomo kisha akaiita. Skripti inayoendeshwa kwa mamlaka ya root iwe mali ya root, ikae kwenye folda ya root kama /usr/local/sbin, na www-data asiweze kuandika kwenye skripti wala kwenye folda yake.

Ya pili ni kuweka alama ya setuid kwenye skripti, ile `chmod 4755`. Linux huipuuza alama hiyo kwenye skripti, kwa sababu kati ya keneli kuifungua na programu inayoisoma kuifungua tena kuna mwanya ambao mtu anaweza kuutumia kubadilisha faili. Utaambiwa uandike programu ndogo ya C ya kuikwepa kanuni hiyo. Usifanye hivyo. Programu ya setuid iliyoandikwa haraka ni ngumu kuilinda kuliko sudo iliyoandikwa vizuri.

Ya tatu ni kumbadilisha mtumiaji wa Apache awe wewe, au mtumiaji mwingine mwenye sudo. Hapo utakuwa umerudi pale pale kwa mlango mwingine.

Ya nne ni kumwingiza www-data kwenye kundi la docker. Wengi hawajui kwamba aliye kwenye kundi hilo anaweza kuanzisha kontena linaloiona diski yote ya seva kwa mamlaka ya root. Hakuna neno sudo linaloonekana popote, lakini mamlaka ni yale yale.

Kwanza jiulize kama root anahitajika

Swali linaloponya kuliko yote ni hili: je, kazi hii inamhitaji root kweli? Kwa kitufe chako cha kumfungia mteja, jibu ni hapana.

Unamhitaji root sasa hivi kwa sababu orodha ya wateja iko kwenye faili ndani ya /etc/freeradius, na kila ukilibadilisha unaiwasha huduma upya. Katika sekunde hizo, mteja mwingine anayeingiza vocha yake hajibiwi. FreeRADIUS inaweza kusoma wateja kutoka kwenye kanzidata. Sakinisha kifurushi cha freeradius-mysql, jenga majedwali kwa faili la schema.sql linalokuja na FreeRADIUS, kisha uwezeshe moduli ya sql. Tangu hapo, kila mteja anapojaribu kuingia, FreeRADIUS inaangalia jedwali la radcheck. Kumfungia mteja kunakuwa kuongeza safu moja: jina lake, sifa ya `Auth-Type`, alama ya `:=`, na thamani ya `Reject`. Akilipa unaifuta safu hiyo. Hapahitajiki root, sudo, wala kuwasha chochote upya.

Mtumiaji wa kanzidata anayetumiwa na ukurasa naye apewe kidogo: kusoma, kuongeza na kufuta kwenye jedwali la radcheck, basi. Maswali ya kanzidata yaandike kwa mtindo wa kutenganisha swali na thamani, `prepare` kisha `execute`, na Mang'ula ataandikwa bila shida.

Safu hiyo inamzuia mteja asiingie tena, ila aliyekwisha kuingia anaendelea mpaka kipindi chake kiishe. Ukitaka akatwe papo hapo, iko programu ya radclient inayotuma ujumbe wa kumkata kwenda kwenye ruta, kwa kawaida kupitia poti 3799 ya UDP. Ruta iwe imeruhusiwa kupokea ujumbe huo. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuiendesha radclient. Siri ya ruta isomwe kutoka kwenye faili kwa chaguo la `-S`, usiiandike kwenye amri, maana amri zinazoendelea zinaweza kuonwa na watumiaji wengine wa seva.

Kitufe kilichobaki

Sasa umebaki na kitufe cha kuwasha upya. Utakihitaji mara chache, kwa mfano mkiongeza ruta mpya, kwa kuwa orodha ya ruta husomwa FreeRADIUS inapowaka. Kitufe hiki kinahitaji mamlaka kweli, na hapa sudo ni chombo kinachofaa ukikitumia inavyostahili.

Anza kwa kutenganisha watumiaji. Mtengeneze mtumiaji wa ukurasa wa ofisi peke yake:

`sudo useradd --system --shell /usr/sbin/nologin ofisi`

Kisha tumia PHP-FPM, ambayo inaweza kuendesha kila tovuti kwa mtumiaji wake. Kwenye folda ya pool.d tengeneza faili la ofisi:

`[ofisi]`
`user = ofisi`
`group = ofisi`
`listen = /run/php/ofisi.sock`
`listen.owner = www-data`
`listen.group = www-data`
`pm = ondemand`
`pm.max_children = 5`

Tengeneza na jingine kama hilo kwa ajili ya WordPress, lenye mtumiaji wake, tuseme tovuti, na soketi yake. Usiiruke hatua hii. Apache lazima iweze kuifikia soketi ya ofisi, na Apache ni www-data. WordPress ikiachwa iendelee kuwa www-data, mgeni aliyeingia kupitia kwake anaweza kuifikia soketi hiyo na kuomba PHP iendeshwe kwa jina la ofisi. WordPress ikiwa na mtumiaji wake, njia hiyo imefungwa. Anayebaki na jina la www-data ni Apache peke yake.

Ndipo uandike ruhusa. Faili la sudoers usilifungue kwa kihariri cha kawaida. Tumia visudo, ambayo hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi, maana kosa dogo humo linaweza kukufungia nje ya seva yako mwenyewe:

`sudo visudo -f /etc/sudoers.d/washa-radius`

Ndani yake weka mstari mmoja:

`ofisi ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart freeradius`

Linganisha na ule wa zamani. Mtumiaji ni wa ukurasa mmoja. Mamlaka ni ya root peke yake. Amri imeandikwa kwa njia yake kamili, na maneno yake yote yametajwa, kwa hiyo kubadilisha restart kuwa stop, au freeradius kuwa jina jingine, kutakataliwa. Hakuna herufi hata moja inayotoka kwenye fomu. Kwenye PHP unaita amri hiyo hiyo kwa `sudo -n`, ili ruhusa isipokuwapo ikatae mara moja badala ya kusubiri nywila.

Mambo matatu ya kuangalia hapa. Jina la faili ndani ya sudoers.d lisiwe na nukta, kwa kuwa sudo hupuuza majina yenye nukta na utahangaika usijue kwa nini haikusikii. Usiweke alama ya nyota kwenye amri kwa kutaka urahisi, maana nyota hukubali hata nafasi kati ya maneno, na mtu ataongeza chaguo ambazo hukuzifikiria. Na usiruhusu programu kama vim, less, find au tar kupitia sudo, kwa sababu kila moja ina njia ya kuita amri nyingine kutoka ndani yake, na mwenye kuiita kama root anazipata amri zote.

Ukimaliza, thibitisha:

`sudo -l -U ofisi`
`sudo -l -U www-data`

Ya kwanza ikuonyeshe amri moja. Ya pili ikuambie kwamba www-data haruhusiwi kuendesha sudo kabisa. Usipoona hivyo, tafuta mstari wa zamani ulikojificha kwa `sudo grep -rn www-data /etc/sudoers /etc/sudoers.d`.

Bosi akitaka kitufe cha tatu

Naye atakitaka, biashara ikikua. Kitufe kikihitaji kupeleka taarifa kutoka kwenye fomu hadi kwenye kazi ya root, usirefushe sudoers. Tumia foleni. Karani wa dirishani haingii bohari: anaandika hati ya kuombea bidhaa, na mtunza bohari anaisoma, anaikagua, ndipo anatoa mzigo au anaikataa. Ukurasa wako uandike ombi kwenye jedwali la kanzidata na uishie hapo. Programu nyingine ndogo, inayoitwa na cron kila dakika au inayosimamiwa na systemd, inasoma maombi mapya na kuyatekeleza. Hii ya pili ndiyo yenye mamlaka, na haizungumzi na mtu yeyote wa intaneti. Inajua aina chache za maombi kwa majina, na inakagua kila thamani kabla ya kuitumia. Aina isiyoijua inaiandika kwenye kumbukumbu na kuiacha. Dada wa mapokezi atasubiri dakika moja zaidi, na mgeni aliyevunja tovuti atakuta hana amri ya kuita, ana fomu ya kujaza tu.

Kagua kama kuna aliyekutangulia

Mstari umekaa hapo kwa muda, kwa hiyo usiishie kuutoa. Sudo huandika kila inachokifanya, na kwenye Ubuntu utayakuta maandishi hayo hapa:

`sudo grep sudo /var/log/auth.log | grep www-data`

Kila mstari una neno COMMAND likifuatiwa na amri iliyoendeshwa. Unatarajia funga.sh na kuwasha FreeRADIUS tu. Yasome mafaili ya zamani pia kwa zgrep, maana yanabanwa na kuhifadhiwa kwa jina hilo hilo na namba. Ukiona amri nyingine yoyote, simama. Angalia pia kama kuna mtumiaji mwingine mwenye namba 0:

`awk -F: '$3==0' /etc/passwd`

Jina liwe moja tu, root. Kisha pitia funguo zilizoko /root/.ssh/authorized_keys na kazi za cron za root, ujue kila moja imewekwa na nani.

Ukikuta dalili ya mgeni, usijaribu kusafisha seva hiyo. Aliyekuwa root anaweza kubadilisha programu zenyewe unazotumia kumtafuta, na anaweza kufuta maandishi yake. Itoe kwenye mtandao, sakinisha mfumo upya, rudisha data kutoka kwenye nakala za akiba, na ubadilishe nywila zote, pamoja na siri za ruta. Usipokuta kitu, shukuru Mungu, lakini kumbuka kwamba kukosa alama si uthibitisho kwamba hakuna aliyepita.

Na usasishe mfumo. Januari 2021 watafiti wa Qualys walitangaza kasoro ndani ya sudo yenyewe, iliyokuwamo tangu Julai 2011, ambayo ilimwezesha mtumiaji yeyote wa seva kuwa root hata kama hakutajwa popote kwenye sudoers. Marekebisho yalitolewa, lakini yalimfaa aliyeyasakinisha. Mpangilio mzuri juu ya programu iliyozeeka haukutoshi.

Utakachomwambia bosi

Usimwambie habari za sudoers, hatazielewa na si kazi yake. Mwambie vitufe vitarudi, na cha kufungia kitakuwa bora kuliko mwanzo, kwa kuwa hakitakata tena huduma ya wateja wengine na kitamkubali hata mteja wa ng'. Mwambie unaomba siku chache. Kisha mweleze kwamba kwenye seva hiyo kuna majina na namba za simu za wateja, na kumbukumbu za nani aliingia lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Seva ikivunjwa, atakayeulizwa ni mwenye biashara. Kijana aliyeweka mstari kwa ushauri wa rafiki yake hatakuwa ngao yake. Mzee anayesimamia biashara yake vizuri atalielewa hilo.

Kwa wasomaji wengine mnaotunza seva, za shule, zahanati, vikundi vya kuweka na kukopa au maduka: leo hii ingieni kwenye seva zenu na muandike `sudo -l -U www-data`. Mkijibiwa kwamba mtumiaji huyo haruhusiwi kitu, laleni salama. Mkiona NOPASSWD: ALL, msisubiri fundi wa mnara apite awaambie. Utoeni mstari huo leo, kisha mkae chini mjue kila kitufe kinahitaji ruhusa gani, mkipe hiyo moja na msikiongezee nyingine.